Dar es Salaam hadi New York: upitie Nairobi, Addis Ababa, Doha au Amsterdam?

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi JFK ya New York ni kilomita 12,400 hivi, ukipima kwa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Hakuna ndege ya abiria inayoruka njia hiyo bila kutua, kwa hiyo kila anayetoka Dar kwenda New York lazima abadilishe ndege mahali. Swali la watu wakiwa kwa wakala wa tiketi, au usiku wakipekua bei kwenye simu, ni hilo hilo: nipitie wapi?

Wasafiri wengi, hasa wa mara ya kwanza, huangalia mambo mawili tu: bei, na jumla ya saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Yote mawili yana uzito wake. Lakini safari ndefu namna hii mara chache huharibikia angani. Huharibikia pale unaposhuka ndege moja kuikimbilia nyingine, saa nane za usiku, ukiwa na mtoto mgongoni au mzazi anayetembea polepole. Kwa hiyo nimezipima njia nne zinazotumika sana kwa vipimo vile vile, ili kila mtu aone ipi inaendana na hali yake.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni umbali halisi na saa. Umbali halisi ni jumla ya vipande vyote unavyoruka, na unaweza kuzidi ule wa kwenye ramani kwa kilomita elfu mbili na zaidi. Saa nazo zihesabiwe zote, za angani na za kungoja.

Cha pili ni kubadilisha ndege: mara ngapi, kwenye uwanja wa namna gani, na ukikwama hapo utafanya nini. Cha tatu ni usingizi na mwili, maana saa kumi na tano kwenye kiti kimoja si sawa na saa kumi, kisha kunyoosha miguu, kisha nane. Mwisho nasema njia inamfaa nani. Bei sikuiweka kama kipimo, kwa kuwa inabadilika kila wiki na kila njia huwa na siku zake za nafuu. Ujue tu kwamba Desemba na miezi ya Juni hadi Agosti zote hupanda.

Kabla ya kulinganisha, soma saa za tiketi vizuri

Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo. Afrika Mashariki hatubadilishi saa mwaka mzima, Wamarekani wanabadilisha. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York iko nyuma yetu kwa saa 7. Miezi mingine iko nyuma kwa saa 8. Ndege ikiondoka Nairobi karibu saa sita usiku na kuruka saa 15, kwetu itakuwa saa tisa alasiri, lakini New York ni saa moja asubuhi wakati wa baridi, au saa mbili asubuhi wakati wa joto. Ndiyo maana safari ya kwenda huonekana fupi kwenye karatasi na ya kurudi huonekana kama inamaliza siku mbili.

Kuna tofauti nyingine ambayo ni ya kweli kabisa: upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma. Nairobi hadi JFK ni saa 15 hivi, kurudi ni 14. Doha hadi JFK ni karibu 14, kurudi ni 12 na nusu au pungufu. Basi usikadirie muda wa kwenda kwa kutazama tiketi ya mtu aliyerudi.

Na tarehe. Ndege nyingi kati ya hizi huondoka usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, unatakiwa kuwa uwanjani Jumatatu jioni. Watu wameikosa ndege kwa kosa hili wakiwa nyumbani wamelala, mabegi yamefungwa tayari mlangoni.

Kupitia Nairobi

*Umbali na saa.* Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na ule mstari wa ramani. Dar hadi Nairobi ni kilomita 670, Nairobi hadi JFK ni 11,840 hivi, jumla kama 12,500. Unapoteza kilomita mia moja tu. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya Kenya kupata mwaka 2017 daraja la usalama wa anga ambalo Marekani huliita la kwanza. Ndege ni Boeing 787-8. Ukiongeza saa moja na nusu ya Dar hadi Nairobi na kungoja kwa saa mbili hadi nne, safari yote ni saa 19 hadi 21. Kwa saa, ratiba ikikaa vizuri, hakuna kati ya nyingine tatu inayoifikia.

Mstari mfupi kabisa kutoka Nairobi unapita juu ya Uganda, Sudani Kusini, Sudani, Chad, Niger, Algeria na Moroko, kisha unaingia baharini. Marubani hawaufuati kama ulivyo. Anga ya Sudani ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, Niger nayo ilifunga yake kwa muda Agosti mwaka huo huo, na kila anga inapofungwa ndege huzunguka na dakika huongezeka.

*Kubadilisha ndege.* Mara moja tu. Uwanja wa Jomo Kenyatta si mkubwa wa kupotea, ila kwa ndege ya Marekani kuna ukaguzi wa ziada karibu na geti, na foleni yake inachukua muda. Saa moja na nusu ya kuunganisha ni kujitafutia presha. Uzuri mkubwa wa Nairobi unaonekana mambo yakiharibika: Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda au Mrundi mwenye pasipoti anaingia Kenya bila viza, kwa hiyo ndege ikiahirishwa unaweza kutoka ukalale kwa ndugu au hotelini. Udhaifu wake ni kwamba ndege hii si lazima iwepo kila siku, inategemea msimu. Ukiikosa ya leo, ya kesho huenda haipo.

*Usingizi na mwili.* Hapa ndipo penye gharama. Saa kumi na tano kwenye viti vya tatu-tatu-tatu ni nyingi. Boeing 787 inasaidia kidogo, kwa kuwa hewa ya ndani huwekwa kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 badala ya 2,400 ya ndege za zamani, na haikaushi koo sana. Ila miguu ni miguu. Damu kuganda miguuni ni hatari ya kweli kwa safari ndefu, zaidi kwa wajawazito, wazee, wanene na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Kiti cha njiani, maji, na kusimama kila baada ya saa mbili ni mambo ya lazima. Faida ni kwamba unaruka usiku na kufika asubuhi, unaweza kulala saa nane mfululizo bila mtu kukuamsha ubadilishe ndege.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kubadilisha ndege mara chache na anaweza kukaa. Mzazi anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza, afya yake ikiruhusu, maana kituo chenyewe kinaongea Kiswahili. Hilo la lugha watu hulidharau. Mimi nalipatia uzito mkubwa: mama anayeweza kumuuliza mfanyakazi wa uwanja "mwanangu, geti langu liko wapi" na akajibiwa, amesafiri nusu ya safari kwa amani.

Kupitia Addis Ababa

*Umbali na saa.* Ukitazama ramani utadhani Addis ni bora kuliko Nairobi. Iko kaskazini yetu, kilomita 1,760 tu, na kutoka hapo hadi New York ni kama 11,200 kwa mstari ulionyooka. Lakini Bole, uwanja wake, uko kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi. Hewa nyepesi ya juu hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa mabawa kubeba, hivyo ndege iliyojaa abiria na mafuta ya kuvuka Atlantiki inapata tabu kunyanyuka. Ndiyo sababu ndege za shirika la Ethiopian zinazoelekea Marekani kwa kawaida hutua njiani. Ya upande wa New York imezoea kupita Afrika Magharibi, kwa mfano Lomé, Togo. Hesabu inageuka: Dar hadi Addis 1,760, Addis hadi Lomé 4,150, Lomé hadi New York 8,300, jumla kilomita 14,200. Saa ni 22 hadi 25. (Nairobi nayo iko juu, mita 1,600 na kidogo, lakini usiku hewa inapopoa huwa nzito zaidi, na hilo linasaidia kuruka.)

*Kubadilisha ndege.* Unabadilisha mara moja Addis, kisha unatua mara nyingine njiani. Bole hujaa sana nyakati ndege kutoka kila kona ya Afrika zinapokutana, na foleni za ukaguzi ni ndefu. Faraja ni kwamba Ethiopian ina ndege nyingi, kwa hiyo ukikosa moja kuna namna ya kupangiwa nyingine, hata kupitia mji mwingine. Kwa anayelazimika kungoja kwa saa nyingi kwa kuwa hakuna ndege ya mapema zaidi, shirika hutoa hoteli masharti yakitimia. Uliza kabla ya kulipa tiketi, usiulize ukiwa umefika.

*Usingizi na mwili.* Vipande vimekatwa: tatu, tano na nusu, kumi na moja. Miguu inapumzika, usingizi haupumziki. Kutua katikati ya usiku kuongeza mafuta huwaamsha wote, watoto hasa.

*Inamfaa nani.* Wasioanzia Dar. Ethiopian inaruka Zanzibar, Kilimanjaro, Bujumbura, Kigali, Lubumbashi, na kwa wote hao Addis huwaokoa na safari ya kwanza ya kuja mji mwingine. Inamfaa pia anayekwenda Washington, Chicago au Atlanta, maana shirika hilo linafika huko lenyewe, na kwa kuwa limo kwenye muungano mmoja na shirika la United la Marekani, tiketi moja inaweza kukufikisha miji mingi ya ndani.

Kupitia Doha

*Umbali na saa.* Unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki wakati unakokwenda ni kaskazini-magharibi. Dar hadi Doha ni kilomita 3,800 hivi, karibu saa sita. Doha hadi JFK ni 10,770, karibu saa 14. Jumla inafika 14,600, yaani zaidi ya kilomita elfu mbili juu ya mstari wa ramani. Pamoja na kungoja ni saa 22 hadi 24. Inashangaza kwamba mzunguko wote huo unaizidi njia ya Nairobi kwa saa tatu tu au nne.

*Kubadilisha ndege.* Uwanja wa Hamad ulifunguliwa 2014 na ulijengwa kwa ajili ya watu wanaopita. Alama ziko wazi, kuna sehemu tulivu za kulala, vyumba vya kuswali, sehemu za watoto kucheza. Ni mkubwa lakini, na kutembea ni kwingi. Mzee aombewe kiti cha magurudumu siku ya kukata tiketi, huduma hiyo haitozwi na hakuna aibu ndani yake.

*Usingizi na mwili.* Kipande kirefu bado ni saa 14, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu miguu yanarudi hapa. Chakula halali kwenye ndege ni cha kawaida, huhitaji kuagiza mapema, na kwa familia za Kiislamu hilo ni zito.

*Inamfaa nani.* Familia zenye watoto, wanaopenda ratiba ya kila siku, na hasa wale ambao New York si mwisho wao. Qatar Airways inaruka yenyewe hadi Dallas, Houston, Boston, Chicago na miji mingine. Anayekwenda Dallas hana sababu ya kupita JFK. Dubai inafanana sana na Doha: Dar hadi huko ni kilomita 3,980, kisha 11,020 hadi JFK.

Kupitia Amsterdam

*Umbali na saa.* Kilomita 7,350 hadi Schiphol, uwanja wa Amsterdam, kisha 5,850 hadi JFK, jumla 13,200. Kwa umbali ni ya pili baada ya Nairobi. Saa ni kumi au pungufu kidogo, halafu nane na nusu, na kungoja kwake hufanya safari iwe saa 21 hadi 24. Kurudi, ujue ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ya kuja Dar mara nyingi hutua kwanza Kilimanjaro au Zanzibar.

*Kubadilisha ndege.* Schiphol ni jengo moja, huhitaji basi wala treni kuhama. Ila kutoka nje bila viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, haiwezekani, ukikwama unakwama ndani. Wenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wako kwenye orodha ya wanaotakiwa viza hata ya kupita uwanjani, lakini viza halali ya Marekani huwaondolea sharti hilo, kwa hiyo waionyeshe kaunta mapema. Desemba hadi Februari theluji na upepo huchelewesha ndege nyingi hapa. Safari ya miezi hiyo ipewe saa tatu za kuunganisha, si moja na nusu.

*Usingizi na mwili.* Hapa ndipo Amsterdam inapozipita zote. Hakuna kipande kinachozidi saa kumi. Unaruka usiku kutoka Dar, unalala, unashuka asubuhi, unatembea, unakunywa chai, kisha unaruka mchana. Unafika New York mchana au jioni yao, umechoka kiasi cha kulala usiku wao, na mwili unazoea saa mpya upesi.

*Inamfaa nani.* Mwenye matatizo ya miguu, mgongo au mzunguko wa damu. Mjamzito aliyeruhusiwa na daktari. Mwanafunzi anayekwenda mji ambao Delta, shirika la Marekani, inafika, kwa kuwa KLM na Delta wanauziana viti kwenye tiketi moja.

Kuhusu tiketi moja na mbili

Hili naliweka peke yake kwa sababu linaumiza watu kuliko yote. Kuna wanaokata Dar hadi Nairobi kwa shirika moja, kisha Nairobi hadi New York kwa tiketi nyingine, ili kuokoa pesa. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe: umekosa ndege, umepoteza tiketi. Na mizigo huenda ukatakiwa kuichukua Nairobi na kuisajili upya. Ukilazimika kufanya hivyo, nenda siku moja kabla. Kwenye tiketi moja, kukupeleka hadi mwisho ni wajibu wao.

Na hata kwa tiketi moja, ukiunganisha ndege ya ndani ukiwa JFK utachukua mabegi yako, upite forodha, kisha uyakabidhi tena. Saa tatu hapo ni za haki. Nyama ya aina yoyote usibebe, na chakula kingine chochote kitaje kwenye forodha. Kutaja hakuleti faini, kuficha kunaleta. Anayeanzia Nairobi na kupita Abu Dhabi hukutana na uhamiaji wa Marekani huko huko Abu Dhabi, ofisi yao ikiwepo tangu 2014, na akitua New York anatoka kama aliyetoka mji jirani.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo isikae nyumbani. Marekani hawaiombi, lakini Kenya, Ethiopia na Togo ni nchi za ugonjwa huo, na Tanzania huiomba kwa aliyetoka nchi hizo au aliyengoja uwanjani kwao zaidi ya saa 12. Ukikwama Nairobi au Addis wakati wa kurudi, utaihitaji.

Kwa hali yako

Ukisafirisha mzazi asiyejua Kiingereza na mwenye afya nzuri, anza kutazama Nairobi, kwa tiketi moja na kungoja kusikopungua saa mbili na nusu. Mzazi huyo huyo akiwa na presha au miguu inayovimba, muulize daktari kwanza, kisha tazama Amsterdam pamoja na kiti cha magurudumu.

Ukiwa na watoto wawili wadogo na mwenzako, Doha inawapa mahali pa kupumzika. Ukiwa peke yako na mtoto mchanga, Nairobi ina hatua chache zaidi za kumbeba.

Ukiwa na mkutano siku ya kufika, njia ya Nairobi inakufikisha asubuhi, lakini fika siku moja kabla kama mkutano ni wa maana. Ukienda kusoma na mabegi mawili ya kilo 23, angalia kwanza mji wa chuo, kisha shirika linalofika huko kwa tiketi moja, umbali uwe wa mwisho.

Ukiwa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi, linganisha Addis na nyingine ukihesabu kutoka mlangoni kwako, bila kuanzia Dar. Na ukiona tiketi ya bei ya chini yenye kungoja saa 16 kwenye mji ambao huna viza ya kutoka nje, jumlisha chakula cha milo mitatu ya uwanjani na usiku mmoja kwenye viti vya chuma, kisha uitazame tena bei ile.